Nyumba ya Urithi Namba Tatu

Mwenyekiti wetu wa kitongoji alikwenda semina ya siku mbili, akarudi na kofia, begi na wazo. Kofia ilimpwaya, begi akampa mkewe la kwendea sokoni, wazo akatubebesha sisi.

Mtaa wetu wa juu pale Kisarawe, ule wa nyumba kongwe zenye baraza ndefu, ulikuwa unaisha. Vijana wamekimbilia Kwala, kwenye viwanda na bandari kavu. Wenye uwezo wamejenga Kibaha. Wazee tunawasindikiza makaburini mmoja mmoja, na tukirudi tunakuta kufuli jipya mlangoni. Ilifika mahali imamu akigeuka baada ya sala ya alfajiri anaona safu moja tu, nayo ina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Sasa mwenyekiti alikuwa na dawa. Huko semina ameambiwa kwamba watu wa Dar wamechoshwa na joto na foleni, wanatafuta nyumba zenye upepo na historia. Kwa hiyo tuchague nyumba tano, tuzifungue Jumamosi moja, tuwatembeze wageni nyumba kwa nyumba, waone, wapende, wahamie.

Mimi nina ugonjwa wa kucheka pasipotakiwa. Nilicheka mkutanoni, tena kwa sauti, na hicho ndicho kilichoniponza. Mwenyekiti akasema kwa kuwa mwalimu mstaafu ameonyesha furaha kuliko wengine wote, basi yeye ndiye atakayeongoza wageni. Nimefundisha Maarifa ya Jamii miaka mingi, nikawaambia watoto wa watu habari za kina nani walitawala wapi, kwa hiyo sikuwa na pa kuchomokea.

Wala sikutaka kuchomoka, kusema kweli. Nilikuwa na shida yangu. Nyumba ya tatu katika zile tano ilikuwa yetu, nyumba aliyoijenga babu mzaa baba, na ndani yake alikuwa anakaa shangazi peke yake. Mimi nina kibanda changu cha tofali kule chini karibu na stendi. Shangazi ana zaidi ya miaka sabini. Aliolewa akiwa mdogo, akaachika mapema, akarudi kwao, na tangu hapo hakutoka tena. Alimuuguza babu mpaka mwisho, akamuuguza bibi, akamuuguza na baba yangu, ambaye ni kaka yake. Sasa amebaki na vyumba sita, korido ndefu, uani, kuku wanne na kazi ya kusuka mikeka.

Kaka yangu mkubwa anakaa Kibaha. Ni mtu wa maana, ana geti linalosukumwa pembeni na sebule yenye vigae vinavyong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Alikuwa amepata mtu anayetaka kiwanja chetu avunje nyumba ajenge gesti. Shangazi angehamia Kibaha, apewe chumba chenye choo humo humo. Nilipolalamika, kaka alinipa nafasi: nikipata watu wa heshima wa kupanga vyumba vya mbele na kuitunza nyumba kabla ya mwezi wa Ramadhani, ataacha mambo yalivyo. Nisipopata, anauza. Nilimshukuru. Mpaka leo nikikumbuka kwamba nilimshukuru, natamani kujizaba kibao.

Siku aliyomleta huyo mtu wa gesti kuona kiwanja, waliingia moja kwa moja, bila hodi, na viatu vyao, wakatokea uani. Shangazi alikuwa anatawadha, mguu mmoja ndani ya beseni. Alivuta kanga akajifunika kichwa. Baadaye aliniambia neno moja tu juu ya habari ile ya Kibaha.

"Kule nimeshawahi kulala. Niliamka usiku, nikapapasa ukuta mzima, nisijue mlango uko upande gani."

Basi hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuwa kiongozi wa wageni. Nilitaka nipate mpangaji, shangazi abaki na ukuta anaoujua.

Maandalizi yalichukua wiki tatu. Mwenyekiti alitaka kila nyumba iwe na historia, na historia aliyoijua yeye ni moja: Mjerumani alilala hapa. Nyumba ya kwanza Mjerumani alilala. Ya pili, alilala. Yetu, alilala, tena chumba cha mbele. Nilimuuliza huyo Mjerumani alikuwa anafanya kazi saa ngapi. Akasema nisikatishe watu tamaa. Akanipa na karatasi inayosema kuta za nyumba zote tano ni za mawe, wakati kila mtu mtaani anajua yetu ni miti na udongo, imepigwa lipu ya saruji kwa mbele tu ili kuwaridhisha wapita njia. Kwa nyuma ni udongo mtupu, na kila mwaka baada ya masika unamomonyoka, na kila mwaka unakandikwa upya.

Halafu likaja suala la kuzitambulisha nyumba. Mwenyekiti alirudi na neno kutoka semina, na alilishika kama mtoto aliyeokota sarafu. Neno lenyewe ni urithi. Urithi wetu, urithi wa taifa, urithi wa vizazi. Akamwita fundi wa maandishi, yule anayeandika majina ya maduka, akamwambia apige mraba mweupe kwenye ukuta wa mbele wa kila nyumba, ndani yake aandike kwa rangi nyekundu. Mimi, kwa ualimu wangu, nilipita kukagua. Kwetu fundi alikuwa ameandika NYUMBA YA ULITHI NA. 3. Nikamsimamia mpaka akafuta, akaandika R. Nilikwenda zangu nyumbani nimejaa kiburi. Herufi nilizikagua zote, maana yake sikuikagua.

Sijui tulilogwa. Hakuna mtu mzima mkoa huu, na Dar pia, asiyejua nyumba ya urithi ni nyumba gani. Ni ile ambayo ndugu hawasalimiani. Ni ile ambayo ukiingia kuipanga, mwezi wa kwanza kodi inachukuliwa na kaka, wa pili anakuja dada kuuliza nani alikwambia umpe kaka, na wa tatu anatokea mtu mwenye barua ya mahakama. Ni ile yenye maandishi NYUMBA HII HAIUZWI, tena kwa rangi nyekundu hiyo hiyo, tena pengine na fundi huyo huyo. Nasi tukaziandika tano kwa mpigo, tukazipa na namba.

Jumamosi ilipofika nilikwenda kwa shangazi mapema. Baraza ilikuwa imefagiwa, na juu yake alikuwa amekaa mwanamume aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na mfuko wa nailoni mapajani. Alikuwa binamu yangu kutoka Kibuta, mtoto wa shangazi yangu mwingine, dada mkubwa wa huyu, ambaye ni marehemu. Ni mkulima wa mihogo na mikorosho, mtu mpole, ananizidi umri kidogo. Hatukuwa tumeonana tangu msiba wa mama yake.

"Shikamoo kaka," nikasema.

"Marahaba. Nimesikia mnagawa."

Ikabidi nikae. Kumbe kuna mtu wa Kibuta alikuja mjini kuuza mihogo, akapita mtaa wetu, akasoma ukuta, akapeleka habari. Nikacheka, nikamweleza kwamba hapana, kaka, huu siyo urithi ule, huu ni urithi wa historia, wa kumbukumbu, wa kuonyesha wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Sawa," akasema. "Na ule mwingine?"

Nikajifanya nimeitwa uani. Shangazi alikuwa jikoni anachemsha chai na mihogo, akaniambia nimpelekee mgeni, na kama nimefanya mazoezi ya maneno yangu ninywe maji nisije nikakauka. Alikuwa amevaa doti mpya ya kanga. Nikamkuta pia ametandika mkeka wake mzuri kwenye korido, karibu na mlango wa uani, akasema atakaa hapo asukie, wageni waone na mikono ya kazi. Nikaona ni wazo zuri kwa mpangaji kujua kwamba bibi wa nyuma hana maneno.

Kosta ya wageni ilifika saa nne. Walishuka watu kama kumi na watano, wamevaa miwani ya jua na viatu vya raba, wamebeba chupa za maji kana kwamba Kisarawe hakuna maji. Mwanzoni walifurahi. Walivuta hewa kwa nguvu, wakasema jamani huku kuna baridi. Kisha wakafika nyumba ya kwanza, wakasoma ukuta, na hewa ikawatoka.

Nilikuwa nimeanza habari za Mjerumani. Bwana mmoja mnene, ambaye mwenyekiti alikuwa ameninong'oneza kwamba ana uwezo, akainua kidole.

"Warithi wako wangapi?"

Mimi nikadhani ameuliza swali la kizalendo. Nikatoa kifua mbele.

"Sisi sote," nikasema. "Hata nyinyi. Urithi huu ni wa Watanzania wote."

Alishuka barazani kinyumenyume. Nikaona watu wanatazamana. Nyumba ya pili bado hatujaifikia, mama mmoja ananiuliza kwa sauti ya chini kama mirathi imefungwa, na mwingine anataka kujua msimamizi wa mirathi aliteuliwa na mahakama gani. Mwenyekiti akatia mkono, akasema wasiwe na wasiwasi, urithi huu unalindwa kisheria na hauwezi kuuzwa hata kidogo. Loo! Mtu ameleta wanunuzi na wapangaji kwa kosta nzima, halafu anawahakikishia kwamba hakiuzwi kitu. Tulipotoka nyumba ya pili, nusu ya wageni walikuwa wamegundua wana njaa, wakaingia mitini kutafuta mishikaki stendi.

Nyumba yetu waliingia saba. Barazani wakamkuta binamu na kanzu yake na mfuko wake, ametulia mfano wa mtu aliyefika mahakamani kabla ya hakimu. Mmoja akageuka palepale. Wakabaki sita. Nilikuwa natoka jasho, lakini nikajikaza, kwa sababu hii ndiyo iliyokuwa nyumba yangu ya kuipigania, na maneno yake nilikuwa nimeyaandika mwenyewe na kuyasoma mbele ya kioo wiki nzima. Nikawaambia babu alikuwa mfanyabiashara wa korosho na nazi, akaijenga nyumba hii kwa ajili ya mwanawe. Nikawaambia mwanawe, yaani baba yangu, akairithi, na baada yake ni sisi watoto wake. Nikawaonyesha boriti, nikawaonyesha mlango. Nikamtaja na Mjerumani, Mungu anisamehe.

Tukaingia korido. Shangazi alikuwa kwenye mkeka wake, ukili mkononi. Wageni wakamwamkia, akaitikia. Nami nikasema, kwa sauti tamu niliyokuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo:

"Huyu ni bibi yetu, anatuangalizia nyumba."

Shangazi hakuinua macho. Vidole vyake vilisimama kidogo tu, kisha vikaendelea.

Kati ya wale sita alikuwamo mama mmoja wa makamo, mfupi, aliyekuwa hajasema neno tangu ashuke kwenye kosta. Alifika ukuta wa nyuma, ule wa udongo, akaweka kiganja chake. Ukuta ule ukiutazama kwa karibu una mistari, minne minne, imeshuka kama maji, alama za vidole vya aliyekandika. Mama yule akafuatisha mistari kwa vidole vyake. Akauliza ni vidole vya nani hivi.

"Vya mafundi wa zamani," nikasema. "Wa enzi za babu."

"Ni vyangu," shangazi akasema. "Nilikandika juzi, mvua zilipokatika."

Wageni wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa wazee. Mama yule hakucheka. Alichutama mbele ya mkeka, akauliza kwa heshima, bibi, wewe na mwenye nyumba ni nani na nani. Shangazi akamwambia kwamba aliyeijenga ni baba yake mzazi, na kwamba alizaliwa chumba cha pili kushoto. Mama yule akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kuelewa tu.

"Si umesema alijenga kwa ajili ya mwanawe? Na huyu je? Si mrithi?"

Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na kitu, nikashika kufuta miwani yangu. Jibu ni fupi na kila Mwislamu mtaani kwetu analijua. Mtoto wa kike ana fungu lake. Babu alipokufa mali haikugawanywa. Baba alikuwa mwanamume pekee, akaonekana ndiye mwenyewe, na dada zake wawili hakuna aliyewauliza. Alipokufa baba, kaka akasema nyumba ya baba, nami nikaitikia nyumba ya baba. Tuliitikia hivyo huku shangazi anatupakulia chakula. Nilikuwa nimefanya kampeni ya wiki tatu kumtafutia shangazi mpangaji wa kumwombea ruhusa ya kukaa kwao.

Wageni waliondoka kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyeacha namba ya simu. Mwenyekiti aliisindikiza kosta kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona, akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Akasema pengine tungeandika nyumba za kale. Nikamwambia aende akapumzike.

Niliporudi ndani, shangazi na binamu walikuwa wanakula mihogo iliyobaki. Binamu alikuwa amefungua ule mfuko wake, na mimi asubuhi nzima nilikuwa naogopa una barua ya wakili. Ulikuwa na kadi ya kupigia kura ya marehemu mama yake, picha imefifia, na kanga yake moja. Akasema hakuja kudai kiuzwe kitu. Alisikia majina ya warithi yanatajwa, akaja ili la mama yake lisisahaulike. Shangazi aliishika ile kadi muda mrefu, akaifuta kwa pindo la kanga. Kisha akanigeukia mimi.

"Umesimulia vizuri, mwanangu. Nimemjua mpaka Mjerumani. Mimi tu ndiye sikujisikia."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kushika. Nililia palepale kwenye mkeka wake, mtu mzima na miwani yangu, kamasi zinanitoka, na binamu wa watu akatoka barazani kwa heshima. Nilimwomba radhi. Shangazi akasema radhi nimepata tangu mdogo, niinuke, namkalia ukili.

Jioni kaka akapiga simu. Alikuwa amesikia kwamba wageni walikuja na kuondoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye tayari ameshaita gari la kuhamisha vyombo.

"Eti, umepata mtu wa kukaa?"

"Nimepata," nikasema.

"Wa Dar?"

"Wa humu humu. Ni binti wa mwenye nyumba."

 Nikasikia televisheni yake huko Kibaha inazungumza peke yake.

"Mwenye nyumba yupi?"

"Babu."

Nikamwambia na lingine, kabla moyo haujanisaliti. Nikamwambia kwamba Jumatatu mimi, shangazi na binamu wa Kibuta tunakwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi ya babu, na kwamba karatasi yoyote ya kuuza isiyo na dole gumba la shangazi, langu halitakuwamo. Aliniuliza ni nani amenijaza maneno. Nikamwambia imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, na herufi nimezisahihisha mwenyewe.

Alifoka kidogo, kisha akatulia, kisha akasema atakuja Ijumaa baada ya sala tuzungumze kama ndugu. Nikamwambia karibu sana, shangazi atapika. Ila avue viatu, na apige hodi.